Kabla hujanunua kipokezi: GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou kwenye mizani

Karatasi ya sifa ya karibu kila kipokezi kinachouzwa leo, kuanzia kifaa cha kufuatilia gari hadi kile cha mpimaji ardhi, ina mstari uleule: GPS, GLONASS, Galileo, BeiDou. Muuzaji huusoma kama menyu ya hoteli, kana kwamba wingi wa vyakula ndio ubora wa jiko. Kwenye uwanja wa wazi, mchana wa kawaida, mfumo wowote kati ya hiyo minne hukuonyesha ulipo kwa kosa la mita chache, na kwa macho hutaona tofauti. Tofauti hujitokeza siku mambo yanapoharibika, na mara nyingi chanzo ni uamuzi uliofanywa ofisini: satelaiti ni za nani, mwenyewe ameahidi nini kwa maandishi, masafa yake yanalindwa na nani, na kama ipo njia ya kujua kuwa wimbi ulilopokea limetoka kwake kweli.

| Mfumo | Mwenyewe | Urefu kutoka ardhini | Cha pekee kwa raia | Cha kuangalia |
|---|---|---|---|---|
| GPS | Marekani (jeshi) | km 20,200 | Huduma ya bure imeandikwa kwenye sheria | Masafa ya L5 yamechelewa kukamilika |
| GLONASS | Urusi | km 19,100 | Huonekana vizuri karibu na ncha ya kaskazini | Satelaiti hutofautiana kwa masafa |
| Galileo | Umoja wa Ulaya (raia) | km 23,222 | Masahihisho ya bure, uthibitisho wa data | Ulizimika siku kadhaa mwaka 2019 |
| BeiDou | China | km 21,528 | Satelaiti nyingi kuliko wenzake | Huduma zake bora zimefungiwa Asia |

GPS na hofu ya kuzimiwa

Swali linaloulizwa zaidi kuhusu GPS ni kama Mmarekani anaweza kuivuruga akitaka. Aliwahi, tena kwa miaka. Baada ya ndege ya Korean Air 007 kutunguliwa tarehe 1 Septemba 1983 na watu 269 kufa, Rais Reagan alitangaza kuwa raia wataruhusiwa kuitumia GPS bure. Lakini wimbi la raia lilichafuliwa makusudi, hata kosa likafika mita 100. Uchafuzi huo ulikomeshwa usiku wa kuamkia 2 Mei 2000 kwa amri ya Rais Clinton, na mwaka 2007 serikali ya Marekani ikatangaza kuwa satelaiti za kizazi cha GPS III zitanunuliwa bila uwezo huo kabisa. Sheria ya Marekani (10 U.S.C. 2281) inaitaka wizara ya ulinzi itoe huduma ya raia dunia nzima bila kutoza ada. Katika hiyo minne, hakuna yenye ahadi ya kisheria iliyokaa muda mrefu kuliko hii.

Ahadi ya kutoa si ahadi ya kulipa fidia. Tarehe 26 Januari 2016, satelaiti moja ya zamani ilipokuwa inaondolewa kazini, baadhi ya satelaiti zilitangaza rekebisho baya la saa, na muda ukapotoka kwa maikrosekunde 13.7. Ramani hazikuguswa. Waliolia ni wenye mitambo inayochukua saa kutoka GPS, ikiwemo redio za kidijitali Uingereza. Aliyepata hasara alibaki nayo.

Shida ya pili ya GPS ni ya ratiba na bajeti. Masafa mapya ya raia, L5 (1176.45 MHz), yanarushwa na satelaiti nyingi tayari, lakini kwa miaka yamebeba alama ya "si nzima" kwa sababu programu ya kuyasimamia ardhini haijakamilika. Kipokezi kinachotii alama hiyo hukataa kuyatumia. Ndiyo maana unaweza kununua kifaa cha "L1/L5" (L1 ni masafa ya raia ya tangu zamani) ukakuta safu ya L5 ya GPS ni tupu wakati Galileo na BeiDou zimejaa. Kabla ya kurudisha bidhaa dukani, tafuta kwenye mipangilio amri ya kupuuza alama ya afya ya L5. Vipokezi vingi vya wapimaji vinayo.

GLONASS kwa kifupi

Satelaiti za GPS, Galileo na BeiDou hutumia masafa yaleyale kwa pamoja na kutofautishwa kwa misimbo. GLONASS ya kawaida huzipa satelaiti unazoziona kwa wakati mmoja masafa tofauti karibu na 1602 MHz, na saketi za kila chapa huyachelewesha kwa kiasi tofauti kidogo. Ukiwa na beisi (kipokezi kinachokaa juu ya alama inayojulikana) ya kampuni moja na rova (kile unachotembea nacho) ya nyingine, tofauti hizo hazifutiki, na neno "Fixed" (sentimita zimepatikana) kwenye skrini hucheza hadi "Float" (bado kinakisia). Dawa ni chapa moja pande zote, au kuizima GLONASS. Tarehe 2 Aprili 2014 satelaiti zake zote zilitangaza data mbovu za mizunguko kwa zaidi ya saa 10, zikaangusha hata vipokezi vilivyokuwa vinazichanganya na GPS bila kukagua. Ukiwa karibu na ikweta, na mifumo mingine mitatu unayo, ukiiondoa hupotezi kitu cha maana.

Galileo na BeiDou

Hapa ndipo ushindani ulipo. Galileo inasimamiwa na raia, kupitia wakala wa EUSPA mjini Prague, na imetoa vitu viwili ambavyo wengine hawatoi bure dunia nzima. Cha kwanza ni HAS, iliyotangazwa rasmi Januari 2023: masahihisho yanayoshuka kwenye masafa ya E6 (1278.75 MHz), yakilenga kosa la sentimita 20 kwa mlalo na 40 kwa wima, baada ya kusubiri kama dakika 5. Cha pili ni OSNMA, iliyoanza rasmi Julai 2025: saini ya kidijitali ndani ya ujumbe wa satelaiti, inayokuwezesha kugundua data iliyoghushiwa. Isikupumbaze. Saini hiyo hulinda maneno ya ujumbe, hailindi muda wa kusafiri kwa wimbi. Anayenasa mawimbi halisi na kuyarudia kwa kuchelewa anaweza bado kukusogeza. Kipokezi pia lazima kiwe na ufunguo wa umma wa EUSPA na saa isiyopotoka sana, la sivyo uthibitisho hauanzi.

Doa la Galileo ni Julai 2019, ilipotoweka kwa takriban siku 6 kutokana na hitilafu ya mitambo ya ardhini. Watumiaji wengi hawakujua, kwa kuwa simu zao zilihamia GPS zenyewe. Siasa nazo zina mkono wao: Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya ilipoteza nafasi ya kutumia huduma ya siri ya Galileo, ikaanza mpango wa mfumo wake yenyewe, kisha Septemba 2020 ikaufuta. Kama taifa lililochangia fedha na wahandisi limetolewa mlangoni, mnunuzi wa Mwanza ajue kuwa anachotumia ni huduma ya wazi tu.

BeiDou ilikamilika kwa satelaiti ya mwisho Juni 2020. Ina satelaiti nyingi angani, na masafa yake mapya ya B1C na B2a yamekaa hasa juu ya L1 na L5, hivyo antena ileile inatosha. Lakini masahihisho ya B2b, ambayo ni jibu la China kwa HAS, yanarushwa na satelaiti zinazosimama juu ya Asia kwa ajili ya China na jirani zake. Kipeperushi kinachotaja "PPP-B2b" kama sababu ya kununua Dodoma au Kisumu kinakuuzia tiketi ya treni isiyofika kwenu.

Kuna mtego kwa wanaoagizia ughaibuni. Mwaka 2018 mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani, FCC, aliruhusu vipokezi kutumia Galileo kwenye E1 na E5, akakataa E6. Ukimtuma ndugu aliyeko Houston akununulie, uliza kwanza kama toleo la soko hilo limefungiwa E6. HAS yote iko humo.

Masafa mamoja au mawili

Ukibanwa na bajeti, punguza idadi ya mifumo kabla ya kupunguza masafa. Tabaka la ionosfia huchelewesha wimbi, na kwenye L1 kila kipimo kimoja cha msongamano wake (TECU) huongeza sentimita 16. Mchana wa jua kali karibu na ikweta msongamano huweza kufika 80 au zaidi, yaani mita 13 hata kwa satelaiti iliyo utosini, na modeli ya kawaida inayotangazwa na GPS hufuta kama nusu tu. Masafa mawili huyapima na kuyaondoa karibu yote. Kwa London suala hili ni la anasa, ila Afrika Mashariki, jirani na ikweta ya usumaku, ni la kila siku.

Hata masafa mawili hayaponyi kile kinachokuja baada ya magharibi. Kati ya saa moja jioni na usiku wa manane, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba, ionosfia huchafuka na mawimbi humemeteka kama nyota. Utaona rova iliyoshika "Fixed" siku nzima inaruka, satelaiti tano zinapotea na kurudi ndani ya dakika moja. Betri haina kosa. Funga kazi za sentimita kabla ya saa kumi na mbili.

Masahihisho: wapi pa kuyapata

Ulaya wana EGNOS, India wana GAGAN: masahihisho ya bure ya satelaiti (SBAS), yakiwa na onyo kwa ndege pale mfumo unapokosea. Afrika Mashariki haina cha aina hiyo, na kipokezi kilichowekwa "SBAS: ON" hapa kinapoteza muda, au kibaya zaidi, kinashika satelaiti ya mbali na kutumia ramani ya ionosfia isiyo ya kwetu. Izime. Zinabaki njia nne.

Beisi yako mwenyewe bado ndiyo ya kuaminika kuliko zote. Kosa lake ni takriban milimita 8 pamoja na milimita 1 kwa kila kilomita, hivyo kilomita 10 hukupa kama milimita 18 kwa mlalo. Karibu na ikweta usiivute mbali zaidi ya hapo saa za mchana mkali. Kikwazo chake ni kibali: redio ya UHF ya 410 hadi 470 MHz inahitaji leseni ya masafa, TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Wengi huikwepa kwa kutumia laini ya simu, na masahihisho ya mifumo minne kwa kila sekunde hula takriban MB 2 hadi 4 kwa saa. Hiyo ni nafuu, mradi mtandao upo.

Vituo vya kudumu vya serikali au kampuni hukuondolea gharama ya beisi, ila uliza umbali wa kituo cha karibu kabla ya kulipia. Kilomita 60 ni mbali mno kwa sentimita.

Huduma za kulipia za satelaiti zinafika kwenye pori lolote na hutoa sentimita chache baada ya kusubiri. Udhaifu wake ni ujirani. Zinashuka kwenye masafa ya chini kidogo ya GPS, kati ya 1525 na 1559 MHz, na antena yake lazima iache mlango wazi upande huo. Huko huko ndiko Ligado ya Marekani ilikoomba kuweka mtandao wa simu. FCC iliikubalia Aprili 2020 kwa 1526 hadi 1536 MHz, huku wizara ya ulinzi na watengenezaji wa vipokezi wakipinga vikali. Kampuni hiyo iliomba ulinzi wa ufilisi Januari 2025. Mgogoro ule ulikuwa wa Marekani, ila swali litarudi kwa kila mdhibiti anayetafuta nafasi ya kuuza kwa kampuni za simu: masafa ya jirani yanapopewa mtu mwenye minara, vipokezi vya usahihi mkubwa ndivyo vya kwanza kuumia. E6 ya HAS nayo ina jirani yake, kwa kuwa inakaa ndani ya bendi ya redio za ridhaa ya 1240 hadi 1300 MHz. Mkutano wa dunia wa redio wa Dubai mwaka 2023 ulilazimika kulizungumzia suala hilo na kuwapa wanaridhaa miongozo ya nguvu za kurusha.

HAS ni ya nne. Sentimita 20 zinatosha kwa ramani za mabomba, barabara, mashamba makubwa. Hazitoshi kwa mpaka wa kiwanja: kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, upande mmoja ukisogea sentimita 20 umehamisha mita 4 za mraba kwa jirani, na hiyo ni kesi.

Halafu kuna kosa linalowaponyoka hata wazoefu. HAS na huduma za kulipia hukupa koordineti za fremu ya dunia, za leo. Ramani nyingi za zamani Kenya na Tanzania ziko kwenye Arc 1960, na tofauti ni takriban mita 300. Hiyo huonekana haraka. Isiyoonekana ni hii: bara linasogea kaskazini mashariki kwa sentimita 2 hadi 3 kila mwaka, wakati fremu ya taifa imegandishwa kwenye mwaka wake. Baada ya miaka 10 bikoni ileile ina sentimita 20 hadi 30 za tofauti, bila yeyote kukosea. Simama kwanza juu ya bikoni inayojulikana, linganisha, ndipo uendelee.

Kuziba na kughushi

Wimbi la GPS linapofika ardhini lina nguvu ya takriban dBm −128. Kifaa cha kuziba chenye miliwati 10, ukubwa wa kidole, kilichochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, kinaweza kulifuta kwa mamia ya mita. Uwanja wa ndege wa Newark ulisumbuliwa na dereva wa namna hiyo, aliyetaka tu mwajiri asijue alipo. FCC ilipendekeza atozwe dola 31,875 mwaka 2013.

Kanuni za ITU (shirika la mawasiliano la dunia) zinakataza uvurugaji wa makusudi, na Machi 2025 ITU, ICAO (la usafiri wa anga) na IMO (la usafiri wa bahari) zilitoa tamko la pamoja la wasiwasi. Tamko halizimi mtambo. Shirika la ndege la Finnair lilisimamisha safari za Tartu, Estonia, kwa mwezi mzima mwaka 2024 kwa sababu ya GPS kuvurugwa, na Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilikwama karibu na Jeddah, tukio ambalo wachambuzi wa safari za meli walilihusisha na uvurugaji uleule. Bahari ya Shamu ni njia ya bidhaa zinazoshuka Mombasa na Dar es Salaam.

Kwa hili hakuna mfumo ulio salama, maana yote minne imebanana kwenye masafa yanayokaribiana. Kinachotofautisha ni kama kifaa chako kinakuambia. Omba kionyeshe nguvu ya kila satelaiti (C/N0). Kawaida huwa 40 hadi 50 kwa zilizo juu na chini ya hapo kwa zilizo karibu na upeo. Zote zikishuka pamoja chini ya 25, umezibwa. Zote zikiwa na nguvu zinazolingana, saa ikaruka, na gari la Morogoro likajikuta kwenye uwanja wa ndege wa nchi nyingine, umeghushiwa. Gari likipita chini ya daraja, zinapotea upande mmoja kisha zinarudi. Hilo si shambulio, usimfukuze dereva.

Nani achague nini

Mwenye mabasi Tanzania hachagui sana. VTS (mfumo wa kufuatilia mabasi) ya LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, imeshaamua kifaa kiripoti nini na kwa nani, kama muhuri wa kielektroniki wa RECTS ulivyoamua kwa mizigo inayotoka Mombasa kwenda Uganda na Rwanda. India iliamua kwa ukali zaidi: tangu Aprili 2019 magari mapya ya biashara lazima yasome mfumo wake wa NavIC. Urusi inadai GLONASS ndani ya gari jipya. Kwa hiyo nguvu yako iko kwenye zabuni. Anayeandika "kifaa chenye GPS" atapata chipu ya bei ya chini ya masafa mamoja. Andika: angalau mifumo 3, masafa ya L1 na L5, tahadhari ya kuzibwa inayotumwa na kuhifadhiwa, na kumbukumbu ya C/N0.

Mpimaji ardhi achukue GPS, Galileo na BeiDou, E6 ikiwa wazi, na beisi yake. Mrusha droni wa ramani anahitaji vilevile, pamoja na kujua kuwa droni iliyozibwa husukumwa na upepo, hivyo ajizoeze kuirudisha kwa mkono.

Mwenye mnara wa 4G au 5G wa aina ya TDD (unaotuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale) yuko kwenye hatari ya kimya kimya. Kila mnara usipotoke zaidi ya maikrosekunde 1.5 kutoka saa ya pamoja; zile 13.7 za mwaka 2016 ni mara tisa ya kiwango hicho. Yeye asichanganye mifumo yote kwenye wastani mmoja. Aweke kipokezi kinachoweza kulinganisha saa ya GPS na ya Galileo na kuitupa inayopotoka, na akiba ya saa ya rubidi badala ya kioo kilichopashwa joto pekee, kwa sababu umeme na fundi huweza kuchelewa siku nzima.

Mwulize muuzaji pia swali la wiki. Ujumbe wa zamani wa GPS huhesabu wiki kwa biti 10, hadi 1,024, kisha huanza sifuri. Ilitokea Agosti 1999 na Aprili 2019, ambapo mtandao wa redio wa jiji la New York ulilala kwa siku kadhaa. Zamu inayofuata ni Novemba 2038, lakini vifaa vya bei rahisi hupanga mwanzo wao wenyewe ndani ya programu na vinaweza kurudi nyuma miaka 19 na miezi saba tarehe yoyote. Uliza programu hii itahesabu sawasawa hadi mwaka gani, na sasisho litawekwaje kwenye vifaa 200 vilivyosambaa barabarani. Kama hajui jibu, akuunganishe na mtengenezaji. Akishindwa na hilo, nunua kwingine.